Nyumba Iliyoegemea Jiwe

Kiwanja chetu cha Mwankoko kilikosa mnunuzi kwa muda mrefu kabla yetu kwa sababu katikati yake kulikuwa na jiwe kubwa, refu kuliko paa. Majirani walitushauri tuliwashie moto lipasuke, tupate kokoto. Mume wangu alianza kukubali. Mimi nililiegemea jioni moja, nikakuta bado lina joto la mchana, nikawaza baridi na upepo wa Juni.

"Tulifanye ukuta wa chumba," nilimwambia.

Alicheka, kisha akaanza kupima kwa hatua.

Kuta nyingine zilitoka palepale. Udongo wa msingi na wa kichuguu kilichokuwa nyuma tuliuchekecha, tukauchanganya na saruji kidogo, tukaushindilia kwa mashine ya mkono ya kufyatulia tofali. Tofali tulizifunika nyasi na kuzinyunyizia maji mpaka zikakomaa. Hatukuwasha tanuru, wala hatukukata mti kwa ajili ya kuni.

Mama mkwe alikuja kutoka Mungaa kuona. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye jiwe.

"Mwanangu, majiwe ni ya fisi na pimbi. Mtalala humo?"

Mvua ya kwanza ilionyesha kwamba hofu yake haikuwa bure. Maji yaliteremka kwenye jiwe, yakapenya chini ya bati, yakalowesha godoro. Mume wangu hakunilaumu. Asubuhi nilipanda juu na nyundo na tindo. Baadaye naye akapanda. Kwa zamu tulichonga mfereji kukatiza mgongo wa jiwe, viganja vikatutoka malengelenge, tukaziba kwa saruji pale bati linapokutana na jiwe. Mfereji ukayapeleka maji kwenye tangi tuliloliweka pembeni. Mvua ilipokuja tena nilipapasa ukuta wote, nikakuta mkavu. Nikamwita mume wangu aje apapase na yeye.

Mwaka huu mama mkwe anakaa nasi, na chumba chenye jiwe alikichagua mwenyewe. Jumapili iliyopita alitoka kanisani na wanawake wenzake, akawatembeza nyumba nzima. Nikiwa jikoni nilimsikia:

"Jiwe tulilikuta. Hizi tofali ni udongo wa humu humu uani. Na aliyepanda juu kuchonga njia ya maji ni mkwe wangu, si fundi."

Niliinamia sufuria, nikausonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.