Kifungo cha Shati la Fundi Bomba

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kanisani, watu waliposimama kushuhudia, huyu kapona kikohozi, yule kaona funguo zilizopotea, yeye alimnong'oneza mumewe: "Siku nikisimama mimi, litakuwa jambo zito."

Jumanne moja asubuhi, akikata kitambaa cha sare za shule, mkasi ulimdondoka. Akainama kuuokota, mkono wa kulia ukagoma. Akataka kumwita kinyozi wa duka la jirani, maneno yakatoka yamepinda. Kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali akitembea na kusema vizuri, lakini mkono ulining'inia kama si wake. Cherehani ikafunikwa shuka. Hakutaka wageni, hakutaka kusali.

"Mungu kanitupa," alimwambia mumewe. "Fundi bila mkono ni fundi gani?"

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu asiyependa maneno mengi. Hakubishana. Alivuta kigoda, akaanza kumkanda vidole kwa mafuta.

"Mama, unamkumbuka kifungua mimba wetu alivyozaliwa kabla ya siku zake? Mdogo kama kiganja?"

"Namkumbuka."

"Daktari alisemaje?"

"Kwamba tusijipe matumaini."

"Na leo yuko wapi?"

Mama Vifungo alijaribu kununa, akashindwa. Kile kiganja kilikuwa sasa baba wa watoto wawili, na kitambi juu.

"Yuko kwake, anakula," alisema, na wote wawili wakaangua kicheko.

Ikawa ndiyo ada yao: mkono ukikandwa, wema mmoja wa Mungu unakumbukwa. Moto ulioteketeza nyumba ya jirani ukaishia ukutani kwao. Mwaka wa homa, walipougua wao na watoto wao, wote wanne, na wakaamka wote wanne. Siku nyingine ni Mama Vifungo aliyeanza kusimulia. Aliona haya alipogundua kwamba mema yote hayo alikuwa akiyala, akifuta mdomo na kuondoka zake bila kushukuru. Sala ikarudi. Mazoezi pia: kuhamisha vifungo kutoka bakuli hadi bakuli, ingawa vingi viliishia uvunguni.

Mwezi wa saba tangu augue, mchana, mumewe alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni akikaza bomba, akasikia:

"Baba watoto! Njoo! Njoo haraka!"

Aliinuka, akajigonga kichwa, akatimua mbio na spana mkononi, akidhani mke kaanguka. Akamkuta wima, macho yamejaa machozi.

"Sogea hapa. Usitikisike."

Kwa gumba na kidole cha shahada vya mkono ule uliogoma, taratibu, huku kauma midomo, alikisukuma kifungo cha shati la mumewe mpaka kikapenya tundu.

Fundi bomba alikitazama kifua chake kama mtu aliyevishwa nishani.

"Cha pili je?"

"Subiri. Kwanza tumshukuru aliyetupa hiki."

Wakapiga magoti palepale, maji ya bomba yakiwafuata sakafuni.

Jumapili Mama Vifungo akasimama. "Wapendwa, mnanijua. Shuhuda zenu nilikuwa nazicheka. Mnisamehe. Leo nina neno dogo kuliko yenu yote: nimefunga kifungo kimoja!" Yule wa kikohozi ndiye aliyetangulia kupiga kigelegele. Kanisa zima likamfuata, na kwaya ikaanza kuimba bila kungoja kinanda.

Siku hizi cherehani inanguruma kutwa. Mishono ya mwanzo ilienda upogo, akaifumua na kushona upya. Ila kila Alhamisi hufunga duka, akaenda kwenye chumba cha mazoezi pale hospitalini. Safari ya kwanza alimkuta dereva wa lori, naye mgonjwa wa kiharusi, kalala kitandani kageukia ukuta.

"Mama, mahubiri sitaki."

"Hata mimi sina mahubiri, mwanangu. Mimi fundi nguo. Nasimulia tu niliyotendewa."

Akasimulia yote, hasira zake na kumnunia Mungu asivifiche. Alipofika kwa mume aliyejigonga kwenye sinki, mabega ya dereva yalitikisika kwa kicheko. Kisha akageuka, akautazama mkono wake uliolala juu ya shuka.

"Kidole kipi kilianza?"

"Hiki," alisema Mama Vifungo, akainua gumba juu, na kuvuta kiti karibu.