Vyuma vya Eucabeth kwenye Mizani ya Chai

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umekalia vilima vya Gesima, kaunti ya Nyamira, na Eucabeth Nyanchoka amezama hadi kiunoni kwenye majani chai ya jirani. Amejifunga karatasi ya nailoni kuzuia umande. Vidole vinakwanyua majani mawili na chipukizi, vinatupa nyuma ya bega, ndani ya kikapu.

Hazungumzi na mtu. Wachumaji wenzake walizoea kumtania, "Eucabeth, leo umeinua nini?" Siku hizi hawamtanii. Kati yake na wao kuna mistari mitatu ya chai iliyoachwa wazi, na haikuachwa kwa bahati mbaya.

"Zamani nilikuwa na nyumba tano zinaniita kuchuma," anasema bila kuinua kichwa. "Sasa ni mbili. Hizo zingine zinasema mimi ndiye nilifungisha kituo."

Kituo anachokisema ni kibanda cha mabati kando ya barabara, ambako wakulima hupeleka majani mabichi yapimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Na kosa la Eucabeth, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni kwamba alinunua vyuma vya mazoezi. Basi. Hakuandamana, hakumshtaki mtu.

Mambo yalianza mwaka jana. Mwalimu Duncan Ogoti, anayefundisha shule Sironga na jioni huwanoa wanyanyuaji vyuma, alikuwa akipita kituoni alipomwona msichana akinyanyua magunia mawili ya majani, moja kila mkono, na kuyatupa ndani ya lori kana kwamba anatupa mito ya kitanda.

"Nilimuuliza, nani alikufundisha? Akaniambia, chai," anakumbuka Mwalimu Duncan.

Mwalimu akamweleza kwamba Desemba kuna mashindano, na timu za askari huja kutazama nani wa kuajiriwa. Lakini hawachukui mtu aliyefikisha miaka ishirini na minane. Kwa mchumaji anayelipwa shilingi kumi na mbili kwa kilo, huo ulikuwa mlango, na ulikuwa unafungwa taratibu.

"Nilitaka kutoka kwa chai. Nisikudanganye," Eucabeth anasema. "Nimechuma tangu darasa la sita. Mgongo wa mama nimeuona."

Sironga haikuwa karibu kiasi cha kwenda na kurudi kila jioni, kwa hiyo Mwalimu alimshauri afanyie mazoezi nyumbani. Eucabeth akauza mbuzi wake wawili, akaongeza alichokuwa ameweka, akashuka mjini Kisii na shilingi elfu kumi na sita ndani ya soksi.

Duka aliloelekezwa ni la Abdirashid, mfanyabiashara wa makamo anayeuza vyuma vya mitumba nyuma ya soko: vitanda vya hospitali, baiskeli, mizani, na pembeni, vyuma vya mazoezi. Eucabeth alikuwa ameona kwenye simu mashine inayong'aa yenye kamba na kiti. Aliiulizia hiyo.

"Dada, hiyo ni ya mtu mwenye pesa na hana kazi," Abdirashid alimwambia. "Wewe unaanza. Chukua chuma kirefu kimoja kilichonyooka. Sahani mbili za kilo ishirini, mbili za kumi. Chini weka mpira wa tairi ili usivunje sakafu. Kiti fundi wa kwenu atakuchongea kwa mti."

Sahani ni vile vyuma vya mviringo vyenye tundu katikati, vinavyovishwa kila upande. Alizigonga moja moja na nyundo Eucabeth asikie kama kuna ufa. Alikibiringisha chuma kirefu sakafuni kuonyesha hakijapinda. Alikataa kumuuzia viatu, akisema havihitaji bado. Eucabeth anakiri kwamba hakuwahi kuhudumiwa vile dukani maishani mwake, akiwa na soksi yake mkononi na matope ya Gesima miguuni.

Sasa Mwalimu Duncan alikuwa amempa onyo moja: vyuma vya mitumba wakati mwingine huandikwa uzito ambao havina, na mwanafunzi anayejidanganya kwa kilo mbili atakuja kuumbuka jukwaani. "Pima kwanza, ndipo uandike," alimwambia.

Na mtu wa Gesima akiambiwa apime, atapima wapi? Kuna mizani moja tu ambayo watu wote wanaiamini, ile inayoning'inia kituoni. Kwa mizani hiyo watoto wamesomeshwa na mahari zimelipwa. Hata nguruwe wa harusi amewahi kupimwa pale, baada ya lori kuondoka.

Jumatatu iliyofuata Eucabeth alitia sahani ya kilo ishirini kwenye gunia la wavu, akapanga foleni. Karani wa kituo, Makori, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, alicheka, akaining'iniza.

Namba zikaruka, zikatulia. Kumi na saba na nusu.

Wakapima ya pili. Kumi na saba na nusu.

"Wamekupunja, moiseke," Makori alimwambia, akimwita msichana kwa Ekegusii kama baba amwitavyo bintiye. "Hao watu wa mjini ndio kazi yao. Rudisha haraka kabla hajakukana."

Foleni nzima ilimhurumia. Mama mmoja alipiga makofi ya masikitiko. Eucabeth hakungoja hata chai ya saa nne. Alifunga sahani zote mbili nyuma ya pikipiki, akashuka mjini huku damu inamchemka.

Yaliyotokea dukani hapendi kuyasimulia, lakini anayasimulia.

"Nilipiga kelele kutoka mlangoni. Nilimwita Warya, vile watu huwadharau Wasomali. Nilisema nyinyi wote ni wezi, mlikuja hapa kutuibia. Wateja walikuwa wamejaa. Bibi yake, Hodan, alikuwa na mtoto mgongoni. Nilisema tu."

Abdirashid alizipokea sahani. Alikwenda kwenye mizani yake ya sakafuni, akafuta vumbi kwenye kibandiko cha wakaguzi wa vipimo ili tarehe ionekane, akaweka sahani ya kwanza. Ishirini. Akaweka ya pili. Ishirini. Akachukua mfuko wa saruji wa kilo hamsini ambao haujafunguliwa, akauweka. Hamsini.

Hodan ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini: "Dada, hizi ulipima wapi?"

"Kwa kituo cha chai."

"Na chai yenu mnapima wapi?"

Eucabeth anasema aliitazama tena saruji juu ya mizani. Alijishika kwenye kitanda kimoja cha hospitali, akakaa. Watu walewale aliokuwa amewakusanya kwa kelele zake walikuwa wanamtazama.

Hesabu yake haihitaji karani. Ishirini inayosomwa kumi na saba na nusu maana yake kila kilo nane, moja inaliwa. Kila siku na kila gunia, ukiacha kilo mbili ambazo hukatwa waziwazi kwa ajili ya maji na gunia, na ambazo wakulima walikwisha kuzizoea. Lakini Eucabeth hakuwa akiwaza shilingi. Alikuwa akimwaza baba yake.

Marehemu Bosire alikuwa mbeba magunia katika soko la Nyakoe kwa miaka kumi na tisa. Hakujua kusoma sana, lakini mikono yake ilijua uzito. Akiinua gunia la mahindi alitaja kilo zake, na mizani ya sokoni ilimuunga mkono. Alipostaafu akarudi nyumbani, akawa na mazoea: mkewe, Nyanchama, akitoka shambani na gunia la chai, Bosire alilinyanyua mlangoni na kusema, "Hili ni thelathini na mbili." Jioni Nyanchama alirudi na risiti: ishirini na nane, kabla ya kukatwa zile mbili.

Kesho, hivyo hivyo. Mwezi ujao, hivyo hivyo.

Bosire alijua mikono yake haisemi uongo. Mizani ya kiwanda ingesemaje uongo, na karani wake ni mzee wa kanisa? Palibaki mtu mmoja tu. Akaamua kwamba mkewe anauza kilo nne njiani, kwa wale wachuuzi wanaonunua majani kwa pesa taslimu.

"Alianza kuniita Mwenye Duka," anasema Nyanchama, sasa ana miaka sitini na mmoja, akiwa ameketi kwenye kiti kilekile cha mkaratusi ambacho fundi alimchongea bintiye. "Wageni wakija anasema, muulizeni Mwenye Duka kama kuna sukari. Wanacheka. Mimi napika."

Alimwapia kwa Biblia. Alimwomba amfuate njiani aone. Bosire alimfuata siku mbili, hakuona kitu, akasema ni kwa sababu mkewe alijua anafuatwa. Miaka miwili ya mwisho alijipikia chai mwenyewe, kwenye sufuria yake. Alikufa miaka sita iliyopita kwa maradhi ya ini, na Makori ndiye aliyeongoza sala makaburini.

"Alikufa akijua ameoa mwizi," Nyanchama anasema. Hafuti machozi, maana hayapo. "Na mimi pia, kuna siku nilijiuliza. Nilisema labda gunia limetoboka. Nilikuwa nalishona usiku, na halina tundu."

Eucabeth aliporudi kutoka mjini na kumweleza mama yake habari ya mizani, mama huyo alichukua ufagio. Alitoka nje akafagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiliwa.

Jumatano Eucabeth alirudi kituoni na sahani. Mama yake alifuata nyuma. Foleni ilikuwa ya watu kama arobaini.

"Hapa tunapima chai, hatupimi vyuma," Makori alisema.

"Juzi ulipima," Eucabeth alimjibu. "Pima tena. Na hii hapa ni saruji, haijafunguliwa. Nayo pima."

Makori alikataa. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakaanza kupaza sauti, kisha mtu akaining'iniza saruji mwenyewe. Mfuko wa hamsini ulisoma arobaini na tatu na kitu. Mwenyekiti wa kamati ya kituo aliwaomba watu watulie, akasema suala hilo litaangaliwa.

Liliangaliwa namna hii: kituo kilifungwa wiki tatu. Chai ikakomaa vichakani, ikawa ngumu, ikatupwa. Mizani mpya ikaletwa. Makori akahamishiwa kituo kingine, ambako inasemekana bado ana sauti ya upole. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyesema mizani ile ilianza kupunja lini, na hakuna anayetaka kuulizwa. Kisha watu walipopiga hesabu ya wiki tatu bila chai, hasira ikatafuta mahali pa kutua. Makori alikuwa amekwenda, Eucabeth alikuwepo.

"Waliniambia ningenyamaza, tungekuwa tunapata kidogo lakini tunapata," anasema. "Mtu ambaye nimemrudishia kilo zake ndiye ananinyima kazi. Nina uchungu. Kwa nini niseme sina?"

Kwa Abdirashid alirudi na mkungu wa ndizi na maneno aliyoyapanga njia nzima. Alipofika maneno yalimkimbia, akasema tu, "Nilikukosea, mzee wangu." Abdirashid alipokea ndizi, akamwambia yamekwisha. Lakini hamwiti tena dada. Eucabeth alipomwomba aje Gesima kushuhudia juu ya mizani, alikataa.

"Nikija huko kusema karani wenu ni mwizi, kabla ya jioni kesi itakuwa yangu," alimwambia.  Eucabeth mwenyewe alikuwa amethibitisha hilo mlangoni mwa duka lake.

"Mimi na baba tulifanya kosa moja," anasema sasa. "Tulikuwa na uzito sahihi mkononi, tukaenda kutafuta mwizi kwa mtu badala ya kwa mizani."

Mchana akitoka kuchuma, huenda nyuma ya jiko la mama yake. Hapo ndipo ulipo ukumbi wake wa mazoezi: vipande viwili vya tairi la lori, kiti cha mkaratusi, chuma kirefu. Upande mmoja wa chuma pana sahani ya ishirini na ya kumi. Upande wa pili pana sahani ya kumi na mfuko wa mchanga ulioshonwa, uliopimwa kwa Abdirashid hadi kilo ishirini kamili. Mfuko hubembea anapoinua, na Mwalimu Duncan analalamika kwamba utamharibia mgongo.

Sahani ya pili haipo nyumbani. Kila siku ya kupima, Nyanchama huitia kwenye kikapu chake cha zamani cha chai, hubeba mgongoni, na kuipeleka kituoni. Huwa wa kwanza kwenye foleni. Karani mpya, kijana mwenye haya, ameshajua kwamba hakuna gunia litakalopanda kabla ya chuma cha mama huyu. Nyanchama husimama pale, mikono kiunoni, mpaka namba zitulie. Ishirini. Ndipo husogea kando. Majirani wale ambao hawamwiti bintiye kuchuma hupanga foleni nyuma yake.

Eucabeth amemwambia mara nyingi kwamba sahani hiyo anaihitaji kwa mazoezi. Mama hujibu kwamba anajua. Mwisho binti ameamua kutafuta pesa anunue nyingine, kwa kuwa hiyo haitarudi.

Desemba anataka kuinua kilo tisini kutoka chini hadi asimame wima, na Mwalimu Duncan anasema hazimshindi. Asipochukuliwa mwaka huu, amebakiwa na mwaka mmoja tu. Nyanchama ametenga nauli ya kwenda kumtazama, ingawa hajawahi kuona mashindano ya aina hiyo. Ana swali moja tu kuhusu siku hiyo, na analiuliza kwa makini kama mtu anayetaka jibu kabla ya kutoa nauli.

"Huko jukwaani, hivyo vyuma kwanza vinapimwa na nani?"