Daktari wa Meno na Bahari ya Kale

Daktari wetu wa meno hushinda Jumamosi na Jumapili akisoma vitabu vya bahari za kale, na Jumatatu hutumwagia yote sisi tuliopanua midomo, tusioweza kubisha. Vidole vyake ni vifupi, vyepesi, vinanukia karafuu. Huanza na “Unajua, mwanangu?” na hangoji jibu. Gesi ya volkano ilijaa hewani, asema huku akichokonoa, ikayeyuka baharini, maji yakawa na asidi, na magamba ya konokono yakalika kama hili jino lako lililoliwa na soda.

Jumatatu iliyopita aliingia kimya. Alinichoma sindano ya ganzi kimya, akatoboa kimya, mpaka nikaona basi, jino langu lina balaa. Nikamshika mkono.

“Daktari, kuna nini?” niliuliza kwa ulimi mzito.

Akashusha barakoa. Macho yalikuwa mekundu.

“Jana nimemaliza kitabu,” akasema. “Wamekufa karibu wote, mwanangu. Bahari nzima.”

Nilitaka kumpa pole, yakanitoka mate. Akanipangusa kidevu taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.