Taa za Karavani Zilizomlaza Baba Nekesa Miibani

Leo naweza kucheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja Kakuma nilikuwa nabadilisha mada, kwa hiyo nisikilizeni vizuri maana sitarudia. Ilikuwa mwaka 2012, mimi nikiwa dereva wa mradi wa meno pale Lodwar, kazi yangu kuvuta karavani (kile kijumba cha magurudumu chenye kiti cha kung'olea meno ndani) kwenda Kakuma na kurudi. Siku hiyo mwili ulikuwa hautulii, nakaa nasimama, kwa sababu Baba Nekesa, mfanyabiashara wa Bungoma mwenye duka Kakuma, alikuwa amesema jioni hiyo atanipa jibu la posa yangu kwa binti yake Nekesa, mbele ya ndugu zake.

Asubuhi nikakuta waya za taa za karavani zimeburutwa barabarani mpaka zimechunika (nilisahau kuzifunga juu, basi). Ekai, fundi wetu wa umeme, alikuwa amekwenda Kataboi kununua samaki.

Baba Nekesa, ambaye lori lake lingenifuata, akasema, "Kijana, tungoje Ekai. Msafara uko hata kesho."

"Mzee, hizi ni waya tu," nikamjibu, nikitaka anione mwanaume wa kazi.

Nikaunganisha waya moja moja, na kwa kuwa tepu ya umeme haikuwepo nikachukua ya ofisini.

"Hiyo si ni ya kubandika karatasi?" akauliza.

"Itashika, mzee."

Tukajaribu taa, zote zikawaka sawasawa, na kichwa changu kikavimba.

Sasa, siku hizo barabara ile hukupita peke yako, kwa kuogopa majambazi. Mimi nilitangulia, lori la Baba Nekesa likafuata, kisha magari mengine matatu, polisi wakiwa kwenye la mwisho. Na sisi madereva tulikuwa na sheria yetu: wa mbele akiwasha indiketa zote mbili, ameona watu wenye bunduki, kila mtu asimame, ashuke, alale chini.

Karibu na Kakuma jua likailainisha ile tepu, ikabanduka, waya za breki na za indiketa zikagusana, na kila nilipogusa breki kwenye mashimo (na pale ni mashimo matupu) indiketa zote mbili zikawa zinawaka na kuzima. Mimi sijui lolote, nawaza posa. Kwenye kona nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni nikaona lori limesimama, milango wazi, Baba Nekesa kifudifudi kwenye miiba na koti lake zuri, polisi wanakimbia wameinama. Nikajua wamevamiwa. Mtu mwenye moyo angesimama, au angalau angepunguza mwendo. Mimi nikakanyaga mafuta.

Sikusimama mpaka dukani kwa Mama Nekesa. Mteja mmoja akanisalimia, "Ejok," nikampita mbio.

"Mama, msafara umevamiwa," nikasema. "Mzee nimemwona chini."

Mama akakaa juu ya gunia la sukari, akapiga ukunga, wale ndugu waliokuja kwa ajili ya posa wakatoka nje, majirani wakajaa, kilio kikashika mtaa mzima. Nekesa peke yake hakulia. Akaniuliza, "Alikuwa anasogea?"

Nikasema sikuangalia sana.

Haikupita nusu saa, lori likafika. Baba Nekesa akashuka mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi, viganja vimejaa miiba, na kilio kikakatika. Polisi walikuwa wamepekua vichaka wasione hata mbuzi. Mimi nikaanza kueleza habari za tepu na joto, maneno yanatoka mbio mbio, akainua mkono.

"Taa nimekusamehe, mimi mwenyewe nilikuona ukifunga nikakuacha," akasema. "Lakini wewe ulituona tumelala chini, ukaongeza mwendo."

Nekesa akamkalisha baba yake, akaanza kumtoa miiba kwa sindano, na hakuniangalia tena.

Jibu la posa sikupewa, na sikurudi kuuliza. Niliona aibu, na bado naiona. Siku hizi naendesha huku Kitale, waya sigusi kabisa, na nikiona kwenye kioo gari la nyuma limesimama narudi rivasi kuuliza kuna nini, hata kama dereva ameshuka kujisaidia tu.