Shehe Zubeir bin Nyange na Kidonge cha Baada ya Isha

Alizaliwa Shehe Zubeir bin Nyange mwaka 1956 katika kijiji cha Mawe Mapana, kaskazini ya Pemba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Micheweni, mahali ambapo jembe hugonga jiwe kabla halijazama na mtama hupandwa kwenye vidimbwi vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Baba yake, Mzee Nyange, alikuwa mkulima na muadhini wa msikiti. Zubeir alikuwa na mdogo wake, Hafiz, mwenye kifafa. Zama zile mtu akianguka watu walitimka, wakiamini kwamba povu la mgonjwa likimgusa mwingine, naye ataanguka. Hafiz alifichwa uani, na siku moja, wote wakiwa shamba, akaangukia moto wa jikoni. Zubeir, akiwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyemtoa. Waandishi wa maisha ya wacha Mungu hupenda kusema kwamba fulani aliitwa kwa ndoto au kwa nuru. Huyu aliitwa na harufu ya moto ule, na mwenyewe alituambia haikumtoka puani mpaka uzeeni.

Alisoma Wete kwa miaka tisa, akarejea mwaka 1979, akafungua madrasa, akamuoa Bi Moza, na baadaye akawa imamu. Sifa yake ilienea kwa wenye kuanguka. Aliwaandikia kombe, yaani aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Lakini si kombe lililowafanya watu wampende. Mgonjwa akianguka mbele yake, wakati wenzake wanakunja kanzu na kurudi nyuma, yeye alipiga magoti, akamlaza ubavu na kumfuta povu kwa kilemba chake mwenyewe. Nimeyaona haya kwa macho yangu, nami nilikuwa miongoni mwa waliorudi nyuma.

Mwaka 2009 alikuja Dakta Ridha, kijana wa Mtambile, kuhudumu katika kituo cha afya cha jirani. Walikutana katika nyumba ya mgonjwa, kila mmoja kaitwa na upande wake wa ukoo, na watu walijaa uani kungoja ugomvi. Shehe alimtazama daktari akifungua mkoba wake, akasema, "Mwanangu, weye una dawa huna wagonjwa. Mie n'na wagonjwa sina dawa. Tugombee nini?" Tangu hapo, kila Alhamisi, walikaa pamoja kwenye baraza ya msikiti, sahani ya kombe huku, kopo la vidonge huku, na waliofichwa majumbani wakaanza kutolewa nje. Mgonjwa alikimeza kidonge chake cha kwanza kwa kombe la Shehe, hapo hapo, mbele ya daktari.

Tatizo likawa kusahau. Kidonge cha kifafa ni cha kila siku, na anayekikatiza ghafla huanguka vibaya kuliko mwanzo. Shehe ndiye aliyepata njia. Akawaambia, "Kifungeni na sala ya Isha. Ukishatoa salamu, kabla hujanyanyuka kwenye msala, meza." Dakta Ridha alifurahi mno, maana hapakuwa na Mpemba wa kijiji kile wa kusahau Isha. Miaka ikapita, watu wakarudi baharini na mashambani, watoto wakarudi skuli, na ilionekana Mwenyezi Mungu amefungua mlango. Laiti ningeweza kuishia hapa.

Miongoni mwa walioletwa barazani alikuwamo Ruweida, mtoto wa pekee wa Bi Mwanakhamis, mjane mkulima wa mwani. Alianza dawa akiwa na miaka kumi, na kwa miaka minne hakuanguka hata mara moja. Alipofika kumi na nne akaanza tena: siku mbili tatu, kisha anatulia, mwezi ukirudi na kuanguka kunarudi. Mama yake akaja barazani kueleza. Shehe aliposikia ni kila mwezi, alidhani ni jini anayekuja na mwandamo, akazidisha kisomo. Daktari aliposikia ni kila mwezi, alidhani msichana amekua na dawa haimtoshi, akazidisha vidonge. Mmoja hakuuliza kwa heshima, wa pili hakuuliza kwa haya, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake keshauliza. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Mwezi wa Februari mwaka 2017, maji yalipokupwa, Ruweida aliteremka na wenzake kufunga mwani kwenye kamba. Wenzake walitangulia kidogo. Walipogeuka hawakumuona. Alikuwa amelala kifudifudi katika maji yasiyofika magotini, mkononi bado kashika kipande cha kamba.

Bi Moza, mke wa Shehe, alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Waliona kwamba marehemu alikuwa katika siku zake. Bi Mwanakhamis akachukua kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati, akalifungua, na ndani vimo vidonge vya miezi na miezi. Bi Moza akamuuliza vimebaki vipi vyote vile. Mama akajibu bila kuelewa anachoulizwa, "Vya siku zake. Shehe kasema baada ya sala. Siku hizo hasali, sasa angemeza saa ngapi?"

Bi Moza hakungoja matanga. Alikwenda nyumbani, akamkuta mumewe na daktari wamekaa ukumbini, wote wawili wameinamisha vichwa, akawaambia aliyoyasikia. Kisha akasema maneno ambayo Shehe aliyakariri mpaka kufa kwake: "Miaka minane mwakaa barazani, hata siku moja hamkuniita mie. Mngeniuliza mie ningekwambieni." Dakta Ridha alilia, akasema yeye ndiye tabibu, lilikuwa juu yake kuuliza. Shehe hakulia. Alisema, "Mie niliyekifunga kidonge na msala ndiye niliyemnyima."

Ijumaa iliyofuata alipanda mimbari. Nilikuwa safu ya tatu. Alilitaja kosa lake kwa jina lake, akaitaja hedhi mbele ya baba na watoto wao wa kiume, akasema kidonge si ibada wala hakitaki udhu. "Kimezwe ikisikika adhana ya Isha, anayesali ameze, asiyesali ameze. Ruweida kafa kwa kunitii mie." Wanaume waliinuka mmoja mmoja wakatoka, si kwa huzuni bali kwa kuona wametiwa aibu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama chini mpaka mwisho. Baada ya sala alikwenda kwa Bi Mwanakhamis kuomba radhi. Mama alisimama mlangoni, akasema, "Nshasamehe, Shehe. Lakini kwangu usije tena." Hakwenda tena.

Yaliyofuata ni ya kuvunja moyo, na sitayapamba. Waliokuwa wakimwita walii wakamwita Shehe wa hospitali. Jamaa walisema kama dawa imemuua Ruweida basi itaua wengine, ilhali aliuawa kwa kuikosa, na wagonjwa wakarudishwa uani mmoja baada ya mwingine. Rajab, fundi wa madau, aliangukia mawe akafa. Mwanamke mmoja aliangukia moto kama Hafiz. Dakta Ridha alihamishwa mwaka 2019, na aliyekuja baada yake hakukuta mtu barazani. Shehe aliacha uimamu, akaacha kuandika kombe, akaomba kazi moja tu aliyoifanya baba yake: kuadhini Isha. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, na sauti yake ilikwisha kuchakaa. Alipanda juu ya ukuta wa kisima ili asikike mbali. Nilimuuliza siku moja kama anatumai watu watarejea. Akasema, "Sitarajii. Naita tu." Sijapata kusikia mtu aliyekata tamaa kiasi kile akaendelea na kazi.

Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2022, kwa kiharusi, baada ya siku tatu asizoweza kusema. Isha ya mwisho alimtazama Bi Moza na kunyoosha kidole dirishani, mpaka adhana ilipokwisha.

Sasa watu husema kaburi lake hunukia zafarani, na kwamba mwenye kifafa akilala hapo huinuka mzima. Mimi nimekwenda mara nyingi na sikunusa kitu. Niliyoyaona ni makopo ya vidonge yaliyoachwa juu ya kaburi na watu walioamua kwamba hawayahitaji tena. Hayo ndiyo tuliyomfanyia baada ya kumkimbia akiwa hai. Anayetaka kumwiga asiende kulala pale. Na aulize. Aulize hata linalomtia haya, na akiri kosa mbele ya watu watakaomwacha. Mwenyezi Mungu amrehemu Shehe Zubeir, amrehemu na Ruweida, wala asituhesabie safu zile tulizoziacha tupu.

Makopo yale hayakai muda mrefu. Bi Mwanakhamis huenda kuyakusanya, huyarudisha katika nyumba yalikotoka, na adhana ya Isha ikiadhiniwa hupita mlango kwa mlango. Wengi humfungia. Juzi nilimsikia kwa jirani yangu, ambaye binti yake Nahla huanguka. Alisimama nje ya mlango uliofungwa nusu, akasema, "Leo husali, mwanangu? Haya. Lete maji, umeze, nami nakuona."