Laini Niliyoisogeza Mara Tatu

Kidole changu kiligoma mwezi wa nne. Hakikuwa na kidonda wala hakikuwa kimevunjika. Kilisaidia kumenya viazi, kilifunga vifungo vya shati, kilinikuna sikio vizuri tu. Lakini kikifika juu ya kile kitufe cha kununua, basi. Kinasimama hapo hewani, mimi nakitazama, na bei inapita zake.

Kazi yangu ni kununua na kuuza pesa za nchi za mbali: euro, dola, pauni. Naifanyia kwenye chumba kimoja pale Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Meza moja, kompyuta moja, na kiti ambacho mke wangu alinunua akasema mgongo wangu utamshukuru. Mwenye duka la chini hunipigia kelele kila asubuhi, "Dola imeamkaje?" Na mimi, kwa miezi minne, nilimjibu, "Imeamka salama," kana kwamba mimi na dola bado tunasalimiana.

Hatukuwa tunasalimiana. Wacha nieleze kilichotokea, maana nimechoka kukizunguka.

Katika kazi hii, ukinunua, unachora laini nyekundu chini ya bei uliyonunulia. Tunaiita stopu. Ni ahadi unayojiwekea ukiwa bado na akili: bei ikishuka ikagusa hapa, biashara ijifunge yenyewe, nipoteze hiki kidogo, niende nikanywe chai. Sasa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi Wamarekani hutoa habari za ajira zao, na bei huruka kama imemwagiwa maji moto. Kwa saa zetu ni tisa na nusu alasiri. Ijumaa hiyo ya mwezi wa nne nilikuwa nimenunua euro. Habari ikatoka, bei ikaanza kushuka kuelekea laini yangu. Nikaishika laini, nikaisukuma chini kidogo. Ili ipate kupumua, nilijiambia. Bei ikafuata. Nikaisukuma tena. Bei ikafuata tena, mshenzi yule. Mara ya tatu niliipeleka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa na maana tena. Kufikia saa kumi faida ya kazi ya miaka miwili ilikuwa imepotea, na pale chini mwenye duka alikuwa anampimia mtu chumvi ya ng'ombe.

Mke wangu ni mwalimu, mtu wa Kakamega aliyeletwa huku na kazi. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu, kwa sababu Kikuyu chake kinanichekesha na Kiluhya chake kinanishinda. Ni mtu wa pole. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Ukirudi dukani na pakiti ya unga, pole kwa kubeba. Nilipomweleza habari ya laini, aliuliza, "Uliisogeza wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

Nikasema ndiyo.

"Mara tatu?"

Mara tatu.

Akainuka, akaenda kusahihisha vitabu vya wanafunzi wake. Pole haikuja siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Nilikuwa naisubiri, sitaki kudanganya. Mtu mzima, na ndevu zangu, nasubiri neno moja.

Pesa ya kuanza upya kidogo kidogo ilikuwepo. Shida ilikuwa kidole. Nilijaribu akaunti ya mazoezi, ile ya pesa za uongo, na huko nilikuwa jasiri ajabu: nabonyeza, nafunga, nashinda, napigia meza makofi. Nikirudi kwa pesa halisi, mkono unaingia baridi hadi kwenye kiwiko. Nilitazama video ya mtu anayefundisha kupumua. Nilipumua mpaka nikasikia kizunguzungu. Nikaanza kutembea. Natoka Gatitu napanda hadi mjini, nazunguka sokoni sinunui kitu, nashuka tena, nafungua kompyuta, nafunga kompyuta, natoka tena. Watu walidhani nina shughuli nyingi. Kanisani mama mmoja alinishika mkono akasema wananiombea, vijana wa kazi za mtandaoni Mungu amewafungulia milango. Nikasema amina. Nilitamani nijifiche chini ya benchi.

Nyumbani niliwafokea watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Kijiko! Mke wangu aliokota kile kijiko, akakiosha, akasema bila kugeuka, "Baba watoto, hii nyumba haiwezi kuendelea kuishi hivi."

Ndipo habari ya Mwea ikaingia. Mtu niliyewahi kufanya naye kazi ana kinu cha mchele huko, na alitaka mtu wa kukaa kwenye mizani, kupima mpunga wakulima wakileta. Kazi safi, mshahara kila mwezi. Ningekaa huko na kuja nyumbani Jumapili. Alitaka jibu kufikia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane, jioni. Mke wangu aliisikia tarehe hiyo akaing'ang'ania.

"Sikiza," alisema. "Kama mpaka siku hiyo utakuwa umebonyeza hiyo kitu yako, hata mara moja, sitasema neno. Kama hujabonyeza, unaenda Mwea. Mimi nataka mume, sitaki mtu wa kuzungukazunguka."

Nikakubali. Ningesema nini? Lakini niliipenda hii kazi, na bado naipenda. Napenda asubuhi ile ambayo sijui kitu na nalazimika kufikiri. Kukaa mwaka mzima kwenye mizani nikijua nilifukuzwa na kidole changu mwenyewe, hapana, hilo lilinitia hofu kuliko hasara yenyewe.

Katikati ya hayo mama yangu akateleza kwenye shamba la viazi huko Mweiga, akavunjika mkono. Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa na maneno mengi. Siku nyingine jirani alimkamulia, lakini kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jukumu lilikuwa langu. Na mama hukamua asubuhi na alasiri, saa tisa na nusu, hata mvua inyeshe mawe. Nilimwomba tusogeze mbele hadi saa kumi, Ijumaa moja tu kwa mwezi.

"Ati tumwambie ng'ombe angojee Wamarekani?" alisema.

Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba nilikaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, na simu nimeibana kwenye mbao za banda ili niione. Sikuwa nimenunua chochote. Nilikuwa natazama tu, nikijiumiza bure. Habari ikatoka, bei ikaruka juu, kulekule nilikokuwa nimefikiria tangu asubuhi kwamba itaenda. Nilikuwa sawa! Nilikuwa sawa na sikubonyeza! Nikaikaza chuchu ya ng'ombe wa watu kama naminya limau. Ng'ombe akapiga teke moja, ndoo ikaenda huku, mimi nikaenda kule, maziwa yote kwenye tope.

Mama alisimama mlangoni, mkono wake kwenye plasta. Mimi nimebeba jina la baba mkwe wake, kwa hiyo tangu utotoni huniita "mzee" akiwa amefurahi. Siku hiyo hakuniita mzee.

"Hiyo simu iko na maziwa?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi isiingie hapa tena. Ng'ombe yangu hanyongwi kwa sababu ya dola."

Mwezi wa nane shule zikafungwa, na Ijumaa ile ya kwanza tulienda Mweiga sote, mke wangu na watoto. Baridi ya Nyeri ilikuwa bado haijaondoka, manyunyu tangu asubuhi. Hakuna aliyetaja Mwea. Mke wangu alikuna nazi ya pilau aliyoahidi watoto, akainama, hakunitazama. Saa tisa na robo niliketi jikoni kwa mama na simu mkononi. Nilikuwa nimeshaamua: euro, kiasi kidogo sana, na laini yangu nyekundu mahali pake. Kila kitu kilikuwa tayari. Kidole kikaenda hewani, kikasimama.

Nilihesabu moja hadi kumi. Nikahesabu tena. Mke wangu alikuwa ameacha kukuna.

"Wewe!" mama akaita kutoka bandani. "Ng'ombe amesimama! Unataka nimkamue na meno?"

Nikabonyeza. Mpaka leo sijui kama kidole kilinitii mimi au kilimwogopa mama.

Halafu nikakumbuka kwamba simu hairuhusiwi bandani. Nikasimama hapo nikiwa na biashara iliyo hai mkononi na pa kuiweka sina. Nikampa mke wangu. "Hii bluu ni bei," nilimwambia. "Hii nyekundu ni stopu. Usiguse kitu. Hata nikipiga kelele nikuite, usiguse."

Nilikamua. Nisidanganye kwamba nilitulia. Nilipaka chuchu mafuta, nikavuta, nikasikia jasho mgongoni na baridi yote ile. Kila baada ya muda miguu ilitaka kuinuka. Imetoka sasa, nilijiambia. Imeruka. Imeshuka. Nenda uone, dakika moja tu. Ng'ombe aligeuza shingo akanitazama, na mimi nikavuta polepole, mkono wa kulia, wa kushoto, kwa sababu teke lile nilikuwa bado nalikumbuka kwenye mbavu. Mama alikwenda jikoni kuota moto. Ndoo ilijaa mpaka juu.

Nilipotoka, mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameshika simu kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

"Imejifunga," alisema.

Niliangalia. Bei ilikuwa imeshuka ikagusa laini, na laini ilikuwa palepale nilipoichora. Nilikuwa nimepoteza kile kidogo nilichosema nitapoteza, bila senti zaidi. Kifua kikafunguka, nikavuta hewa mpaka chini, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

"Umepoteza na unatabasamu?" alisema. Lakini sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ngoja nikuambie. Ile kitu ilikuwa inakuja. Inashuka, inashuka, inakaribia ile nyekundu. Na mimi nikasema, si niisukume tu chini kidogo. Kidogo tu, itageuka. Kidole kilikuwa hapa." Akanionyesha. Kilikuwa juu ya kioo, hewani, kama changu.

"Kwa nini hukuisukuma?"

"Ulisema nisiguse. Na shosho, mama yako, alikuwa amenikazia macho."

Akanirudishia simu. Akafuta mikono kwenye leso, ingawa ilikuwa mikavu.

"Pole," alisema.

"Ya hii? Hii ni pesa ya unga tu."

"Si ya hii. Ya ile ya mwezi wa nne."

Nililia. Niliweka ndoo chini ili nisimwage maziwa, nikalia pale uani kwenye manyunyu, mke wangu amenishika shati. Mama akatoa kichwa nje akauliza kama kuna mtu amekufa, na mbona maziwa yanaingia mvua. Kisha akatazama ndoo ilivyojaa, akasema, "Mzee, ingia kwa nyumba."

Jioni mke wangu alinikumbusha kumpigia mtu wa Mwea. Nikamuuliza nimwambie nini.

"Mwambie atafute mtu mwingine," alisema, akiwapakulia watoto pilau. "Lakini wewe ukiisogeza tena, mimi ndiye nitaenda kukaa kwenye hiyo mizani."