Simu ya bibi haikuufuata mpira

Saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, Latoria Gatewood anavaa glavu ya nyuzi za chuma mkono wa kushoto, anashika kisu kwa mkono wa kulia na kusimama mahali pake kwenye mstari wa minofu. Kambare wa kwanza anamfikia saa kumi na mbili kamili.

Kiwanda kiko nje kidogo ya mji wa Tolliver, katika uwanda wa Delta, Mississippi. Latoria ana miaka 19 na analipwa dola 13 na senti 40 kwa saa. Msimamizi hudai samaki tisa kwa dakika. Latoria hukata kumi na mmoja.

“Ana mikono mirefu, ndiyo maana,” anasema Velma Crump, ambaye kwa miezi kumi na mitatu amesimama akitazamana naye. “Mikono mirefu, mdomo mfupi. Asingekuwa anakata ningedhani kalala.”

“Bi Velma ananisemea,” Latoria anajibu bila kuinua macho. “Anatusemea sote.”

Alimaliza sekondari Mei mwaka jana akiwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu. Kwa mchezaji wa Delta ambaye vyuo vikuu havikumwita, mlango uliobaki ni vyuo vya miaka miwili. Navyo havikumwita. Wiki mbili baadaye akaingia kiwandani.

“Mwaka mmoja nje ya shule, jina lako linafutika,” anasema. “Miaka miwili, wanakuuliza una watoto wangapi.”

Machi mwaka huu aliwaandikia makocha kumi na mmoja. Kila barua aliiambatanisha na video ya dakika tatu yenye muziki, ambayo ndani yake kila mpira anaourusha unaingia. “Hapa kila mtu anatuma hivyo. Nani atume akikosa?”

Tisa hawakujibu. Wa kumi alisema timu imejaa. Wa kumi na moja alikuwa Verlene Pettus, kocha wa timu ya wanawake ya Chuo cha Bolden, maili tisini kaskazini. Ujumbe wake Latoria bado anautunza: “Katika video hii hukosi wala hukabwi. Nimebakiza nafasi moja, naifunga mwisho wa Aprili. Nitumie mchezo mzima, mmoja mliofungwa.”

Mchezo wa namna hiyo ulikuwepo. Februari mwaka jana, katika hatua ya mtoano, Tolliver walifungwa kwa tofauti ya pointi 19, na Latoria alipata pointi nne tu. Kamera ya shule iliishiwa chaji mapema. Rekodi iliyobaki ilikuwa kwenye simu ya bibi yake, Earlene Gatewood, mwenye miaka 68.

Bi Earlene alikata minofu katika kiwanda hichohicho kwa miaka 31, na vidole vyake havinyooki tena. Simu huishika kwa viganja viwili, viwiko vikiwa magotini. Picha haitikisiki. Kasoro ni kwamba hakuufuata mpira, alimfuata mjukuu. Kwa dakika 84 Latoria anakimbia, anasimama, anafunga kamba za viatu, anakunywa maji. Wengine wanapata pointi na mpira hauonekani. Sauti ya bibi inasikika mwanzo hadi mwisho.

“Nilimwambia, Bibi, hii siyo mechi, hii ni mimi natembea,” anasema Latoria.

“Sasa nilikwenda kumtazama nani?” anauliza bibi. “Mwamuzi?”

Latoria aliikalia video hiyo majuma matatu. Tarehe 28 Aprili, siku mbili kabla nafasi haijafungwa, aliituma bila neno la maelezo.

Kocha Pettus anasema kwa kawaida hutazama dakika kumi za mwanzo. Hiyo aliitazama yote, kisha akairudia na kalamu mkononi.

“Kamera za shule hufuata mpira. Mchezaji namwona pale tu anapojua anaonekana,” anaeleza. “Mimi nataka kujua anafanya nini mpira ukiwa kwa mwenzake, na hakuna anayenirekodia hilo.”

Alihesabu mara 38 ambapo Latoria alimzuia mpinzani kwa mgongo ili wenzake waudake mpira unaorudi kutoka ubaoni. Alipopumzishwa robo ya tatu hakukaa. Alisimama akimwelekeza kwa mkono msichana aliyechukua nafasi yake. Hapo sauti ya bibi inasikika: “Kaa chini, mtoto, unaziba watu.”

Tarehe 30 Aprili kocha alipiga simu kumpa Latoria nafasi ile, akapokea Bi Earlene. “Niliijua sauti palepale,” anasema kocha. “Nikamwambia, mama, nimekusikiliza kwa muda wa karibu saa tatu, maoni yako kuhusu waamuzi nimeyapata.”

Bi Earlene anasema hakucheka. “Nilimuuliza hao mabinti wanakula nini, na nani anawaamsha kwenda darasani.”

Jumamosi moja ya Mei Latoria alikwenda Bolden kupimwa. Alirusha mipira kumi na minne, ikaingia mitatu. Kocha hakubadili nia. “Kurusha nitamfundisha,” anasema. “Yale mengine nimechoka kuyafundisha.”

Ufadhili ni wa miaka miwili, na unabeba ada, vitabu, chumba na chakula. Baada ya hapo Latoria anataka kuingia chuo kikuu asomee tiba ya viungo. Anapoulizwa sababu, anajibu, “Vidole vya Bibi.” Na chuo kikuu kisipomwita? “Nitakuwa na cheti. Na kisu najua kinakaa wapi.” Ameshamwambia msimamizi kuwa zamu yake ya mwisho ni Agosti 2. Msimamizi ameiandika kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa kuwa kiwanda hakitoi ruhusa kirahisi, Alhamisi Juni 13 kocha alikuja mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, ambacho zamu ya alfajiri hula saa tano. Mkataba uliwekwa juu ya kifuniko cha kasha la barafu la Velma, kwenye maegesho ya magari. Latoria alikuwa amenawa mara mbili, lakini pembe ya karatasi ililowa na kushika harufu ya samaki.

“Harufu hiyo msiifute,” Velma alimwambia kocha. “Wajue tumewapa mtu wa kazi.”

Chuo hudai picha ya mchezaji akitia saini. Bi Earlene, aliyekuja kushuhudia, aliishika simu kwa viganja viwili.

Picha ina alama ya saa tano na dakika kumi na saba asubuhi. Mkataba hauonekani. Kocha haonekani. Latoria anaonekana mzima, kuanzia kofia ya wavu hadi buti.